Sauti ya Sakina Ilitoka Kifuani Mwangu

Juzi binti yangu Naomi alirudi kutoka shuleni, akatundika mfuko wake, kisha akaketi na mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya karte ya kitambulisho. Naomi hajawahi kukaa hivyo tangu azaliwe. Nikamwuliza anaumwa wapi.

"Siumwi, mama. Mwalimu alisema watoto wazuri wanakaa kisakina."

Nilikuwa nageuza maharagi. Niliweka mwiko chini ili nisimrushie mtu.

Nyinyi vijana wa Kisangani, ninaandika haya kwa sababu yenu. Mnamwambia rafiki yenu "usikuwe Sakina" akinyamaza mbele ya patroni wake. Mnamwita golikipa anayeruhusu kila mpira kupita "Sakina wa timu". Wachumba wanatafuta msichana "wa kisakina". Ukiwauliza neno limetoka wapi, mnasema ni la wazee, ni la zamani. La zamani gani? Neno hilo lina umri mkubwa kidogo tu kuliko mtoto wangu. Lilitoka katika mchezo wa redio uliorekodiwa kwenye chumba cha nyuma kule Makiso, na kinywa kilicholisema ni hiki hiki ninachoitia wateja wa wali na maharagi mbele ya nyumba yangu.

Mimi ni mstaafu. Chekeni. Sina mvi hata moja, nina mtoto wa kunyonyesha mgongoni ninapoandika, lakini ile kazi niliifanya, nikaimaliza, sitairudia. Kama huko si kustaafu, mniambie ninyi ni nini.

Basi kwanza nimweleze Sakina kwa wasiomjua. Alikuwa mke wa Bwana Kalume katika mchezo wetu wa kila Jumamosi alasiri. Bwana Kalume anauza sufuria za mke wake, Sakina anasema: "Sawa vile unasema, papa." Bwana Kalume analeta shangazi zake wote wakae mwezi mzima, Sakina anasema: "Sawa vile unasema, papa." Bwana Kalume anatazama jua linalopasua vichwa vya watu na kusema mvua inanyesha, Sakina anakwenda kuanua nguo. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna kingine cha kujua.

Aliyemwandika ni Tonton Basile, mwalimu wa zamani mwenye kifua kipana na suruali inayoshikiliwa na kamba. Alinichukua nilipomaliza diploma, kwa sababu alinisikia nikigombana na dereva wa toleka aliyeniangusha na baiskeli yake ya abiria kwenye matope. Alisimama kando akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Binti, sauti yako inafika ng'ambo ya mto bila mota. Njoo ufanye kazi redioni." Nilidhani atanipa nafasi ya mama mkali. Akanipa Sakina.

Chumba chenyewe kilikuwa na magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi, mikro moja iliyoning'inia kwenye waya, na jenereta nje iliyofungwa mbali kwa sababu ilikohoa. Ukitaka kufanya kazi hii, nitakwambia mambo ambayo hakuna shule inayofundisha. Usile karanga kabla ya kurekodi. Chembe moja kooni na mchezo mzima umeharibika. Vua bangili. Karatasi uliyomaliza kuisoma usiigeuze, iachie ianguke yenyewe juu ya godoro, maana mikro inasikia karatasi kuliko inavyokusikia wewe. Mvua tuliifanya kwa mchele juu ya ungo, tukiuzungusha polepole. Mvua kubwa tuliongeza maharagi. Mto ulikuwa beseni la maji na mkono wa mtu mvumilivu. Na kofi, kwa kuwa Bwana Kalume hakuwa mtu wa kuzungumza tu, tulilifanya kwa fungu la pondu mbichi, majani ya muhogo, lililoloweshwa, ukilipiga kwa kiganja juu ya meza. Mlio ule ungekufanya ushike shavu lako. Mpigaji wa kofi nilikuwa mimi mwenyewe. Nilijipiga, kisha nikalia. Tukimaliza, nilikuwa ninaibeba ile pondu nyumbani ikiwa imeshaanza kutwangika, na mama yangu alikuwa akishukuru.

Bwana Kalume alichezwa na Papa Dédé, na hapa lazima mcheke na mimi. Papa Dédé alikuwa mtu mpole kuliko wote waliowahi kupita mlango ule. Akimaliza kunguruma kwenye mikro, anatazama saa: "Bon, mimi naenda, mama atauliza nilikuwa wapi." Mke wake alimtuma soko kila siku, akaenda kila siku. Siku moja alikuja kazini na kandambili kwa sababu viatu vyake vililowa. Tulisahau, tukamwacha atembee kwenye sanduku letu la kokoto, lile la milio ya hatua, akiwa Bwana Kalume anayetoka ofisini. Pa-ta, pa-ta, pa-ta. Hatukumaliza hata kurusha kipindi, simu ikalia. Mama mmoja kutoka Tshopo alitaka kujua kama Bwana Kalume amefukuzwa kazi, na kama ni hivyo, Mungu asifiwe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Siku za mwanzo nilishindwa kabisa kumsema Sakina. Maneno manne tu! Nilisema "Sawa vile unasema, papa," na Tonton Basile akavua vipokea sauti vyake.

"Non, non, non. Wewe unakubali kama mtu anayedai."

"Nimesema sawa, tonton."

"Umesema sawa na ngumi. Rudia."

Nikarudia kwa sauti ndogo. Akasema sasa ninasikika kama mgonjwa. Nikarudia kwa kubembeleza. Akasema sasa ninasikika kama mtu anayetaka kitenge kipya. Papa Dédé alikuwa ameketi kwenye godoro, anakula mkate wake wa kwanga, akasema kwa upole, "Mimi mama akiniambia kitu, hewa inatoka yenyewe." Tonton Basile akamtazama. Kisha akanigeukia, akaweka kiganja chake juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Dédé amesema kweli. Donc, toa hewa yote kwanza. Yote, mpaka kifua kibaki kitupu. Halafu sema na kile kidogo kilichobaki chini."

Nikatoa hewa. Fuuu. Nikasema na mabaki. Papa Dédé akaacha kutafuna.

Ndiyo hiyo ilikuwa Sakina. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekubali kabla hajaambiwa kitu. Ukitaka kujua siri yote ya kazi yangu, ni hiyo: mtu anayekataa huvuta hewa kabla ya neno, na mtu anayetii huitoa. Kaa kwenye foleni ya ofisi yoyote pale Makiso usikilize. Huna haja ya kusikia maneno.

Mji ulilichukua lile jina haraka kuliko tulivyowaza. Tonton Basile aliliandika ili watu wachukizwe. Alitaka mama aliye jikoni amsikie Sakina na kupiga meza kwa hasira. Wengine walipiga, kweli. Wauza samaki waliotoka maporomoko ya Wagenia walikuwa wakiniona wanaita, "Sakina! Leo papa amekubali ule?" Halafu wananipandishia bei, kwa vile Sakina hawezi kubisha. Nilipobisha walishangaa kama watu walioona mbuzi anaimba. Lakini upande mwingine, wapo waliompenda. Walimpenda kwelikweli! Mhubiri mmoja alimsifu mbele ya maharusi. Akina baba walisimamisha toleka barabarani kunipa mkono. "Mama, endelea hivyo hivyo." Endelea hivyo nini? Mimi nimetoka kazini, nina njaa, ninakwenda nyumbani kutwanga pondu niliyoipiga makofi mwenyewe.

Nilimwendea Tonton Basile nikiwa na moto. Nikamwambia amwache Sakina akatae jambo moja. Moja tu, hata kuanua nguo. Akakuna ndevu.

"Akikataa, hadithi imekwisha."

"Na asipokataa?"

"Asipokataa watamchoka wenyewe."

Hawakumchoka. Mchezo ukaanza hata kuteremka mto. Wafanyakazi wa baleniere, zile boti kubwa za mbao zenye mota, waliuweka kwenye kadi za simu zao, wakaupeleka Yanonge, wakaupeleka Isangi, wakaupeleka Yangambi. Na Yangambi ndiko alikokaa Mama Angélique.

Mama Angélique ni mama mkwe wangu. Ni mjane, analima mihogo na mahindi karibu na kituo cha watafiti, na ana mikono inayoweza kung'oa kisiki. Trésor, mume wangu, aliponipeleka kwake mara ya kwanza, hakuniuliza jina. Alinisikia nikisalimia getini tu, akaachia jembe. "Ni yeye! Trésor, umeniletea Sakina!" Akanikumbatia mpaka pumzi ikakatika. Alinilisha samaki wa moshi wiki nzima. Majirani waliletwa kunisikia nikisema "sawa vile unasema" kwenye uwanja wake, na mimi nikasema, maana walikuwa watu wazuri na ilikuwa kazi yangu. Mama Angélique alifuta machozi. Nawaambia haya ili msije mkamfikiria kuwa mtu mbaya. Alinipenda. Ila aliyempenda hakuwa mimi.

Kwao kuna desturi. Mjukuu wa kwanza wa kike, akishaachishwa ziwa, anakwenda kukaa kwa bibi. Hatembelei, anakaa. Bibi anamlea, anamfundisha shamba na mto, na mtoto anakuwa macho yake na miguu yake ya uzeeni. Trésor mwenyewe ana dada aliyelelewa hivyo, na dada huyo ni mtu mwema. Sina tusi kwa desturi hiyo. Lakini Naomi alipozaliwa akanikamata kidole, nilijua haendi popote bila mimi. Nilimwambia Trésor. Trésor akasema, "Tutaongea na mama." Naomi akaota meno. "Tutaongea na mama." Naomi akatembea. "Tutaongea." Trésor ni fundi wa pikipiki, anaweza kufungua injini yoyote na kuirudisha, lakini kinywa chake mbele ya mama yake hakijawahi kufunguka.

Basi siku moja asubuhi, Naomi ameshaacha ziwa, nasikia kelele za toleka nje. Mama Angélique anashuka, ametoka bandarini, amebeba kapu la samaki, mkungu wa ndizi, na gauni dogo la maua alilolishona kwa mkono. Alilishona kubwa kidogo, ili mtoto akue ndani yake kule. Hilo gauni ndilo lililoniumiza zaidi ya yote.

Nikampa maji. Nikampa kiti. Trésor akatoka na mafuta mikononi, akamsalimia, akabaki amesimama mlangoni. Naomi alikuwa chini anacheza na vifuniko vya chupa. Mama Angélique akamtazama kwa mapenzi, kisha akanitazama mimi kwa mapenzi yale yale.

"Sakina wangu. Nimekuja kukamata mutoto. Boti inarudi kesho."

Vijana, sikilizeni vizuri hapa. Mimi niliyegombana na madereva, na wauza samaki, na Tonton Basile mwenyewe, nilisikia hewa inatoka. Sikuitoa mimi. Ilitoka yenyewe, kama alivyosema Papa Dédé. Fuuu, mpaka chini, na lile neno likawa limeshafika kwenye ulimi, limepangwa vizuri, limesafishwa na Jumamosi zote zile. Sawa vile unasema, mama. Kifua kilikuwa kitupu tayari kulisema. Nilikuwa nimekizoesha mimi mwenyewe, kwa mshahara.

Hasira niliyoipata siku hiyo bado ninayo. Naitumia hata leo kuwashia makaa.

Nikafunga kinywa. Nikavuta hewa kwa pua, ndefu, mpaka mabega yakapanda. Mama Angélique alidhani ninataka kupiga chafya.

"Hapana, mama. Naomi anabaki hapa."

"Nani amesema hivyo?"

"Mimi."

"Trésor amesema?"

"Mimi, mama."

Aliweka kikombe chini. "Hiyo sauti siijui."

"Ndiyo yangu. Ile nyingine ni ya kazini."

Akanitazama kama mtu anayekagua sarafu kama ni halali. Kisha akamgeukia mwanawe mlangoni. "Trésor! Muke wako anakataa mutoto mbele ya macho yangu. Ongea!"

Trésor akatazama mikono yake. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa bado nimevuta hewa, nipo tayari kwa neno la pili na la kumi. Nikamsikia. Mimi mke wake, niliyefanya kazi ya masikio miaka yote hiyo, nilimsikia vizuri: fuuu.

"Sawa... sawa vile anasema, mama," Trésor akasema.

Hata Naomi aliacha vifuniko vyake.

Kitu kikaanza kutikisika ndani ya kifua cha Mama Angélique. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko cha chini kinachopanda, mpaka akashika mbavu, mpaka kanga ikamteleza kichwani.

"Ee Mungu wangu! Miaka yote naskiliza redio, natafuta Sakina iko wapi. Kumbe nilimuzaa mimi!"

Trésor alikwenda kumalizia injini yake.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha kwa kicheko. Alipomaliza kucheka alikasirika, na alikuwa na haki. Boti iliondoka kesho yake bila yeye. Tulikaa, tukagombana juu ya chumvi, juu ya namna ya kumfunga mtoto mgongoni, juu ya kila kitu isipokuwa kile chenyewe, mpaka siku moja tukiwa tunachambua pondu akasema bila kunitazama: "Likizo. Atakuja kwangu likizo zote." Nikavuta hewa. Akadakia, "Usinivutie hewa, nimeshasema likizo!" Nikasema sawa. Ilikuwa sawa yangu, na alijua. Tangu hapo kila likizo ninapanda boti na Naomi mpaka Yangambi, ninamwacha na bibi yake wanachafuka wote wawili, halafu ninarudi kumchukua. Lile gauni alilivaa mpaka likambana.

Jumamosi iliyofuata ile hapana yangu, nilikwenda studioni. Papa Dédé akanguruma kama kawaida, akaamuru sijui nini. Ikafika zamu yangu. Nikajaribu kutoa hewa. Haikutoka. Nikajaribu tena, nikasema ile sentensi, na Papa Dédé akarudi nyuma hatua moja kwa hofu ya kweli. Tonton Basile akavua vipokea sauti.

"Umeharibika," akasema.

"Nimeharibika, tonton."

"Bon." Na yule mzee akatabasamu meno yote. Akamwandikia Sakina safari: alikwenda Yanonge kumwona shangazi mgonjwa. Hakurudi. Wasikilizaji waliuliza mpaka wakachoka, Bwana Kalume akabaki anajipikia, na yule mama wa Tshopo alipiga simu kutuombea baraka. Ndivyo nilivyostaafu. Pondu ya mwisho niliila bila kuipiga.

Neno likabaki. Hilo sikuweza kustaafu nalo. Linatembea bila mimi, limefika mpaka kwenye midomo ya walimu ambao hawakuwahi kusikia hata kipindi kimoja. Jana asubuhi nilikwenda kumwona yule mwalimu wa Naomi, msichana mdogo, amechoka, ana watoto wengi kuliko madawati. Nilikuwa nimebeba hasira yangu yote. Nikamweleza Sakina ni nani. Akaniuliza, "Alors niwaambieje wanyamaze, mama?" Nikamwambia, waambie wanyamaze. Akafikiri. Akasema, "Ni kweli, hiyo inatosha." Nikampa sahani ya wali, nikaondoka.

Na jana jioni, kabla ya kuanza kuandika haya, nilimwambia Naomi aache kucheza aje kuoga. Maji yalikuwa tayari, mtoto mdogo analia, mimi nimechoka. Naomi alikuwa mlangoni, ameshika vifuniko vyake vya chupa.

Sikumwona usoni. Nilimsikia tu. Hewa iliingia, ndefu, kwa pua, mpaka mabega yake madogo nadhani yalipanda.

"Hapana, mama. Bado."

Nilimfokea, bila shaka. Mimi ni mama yake na maji yalikuwa yanapoa. Lakini niligeukia ukutani kwanza, asinione ninavyocheka.